Kinachojaza kichwa cha mwanao si gundi

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi minne, tunaishi Tabata. Shuleni tulifundishwa kwamba mtu anazaliwa na seli zake zote za ubongo, na ikifa moja ndiyo basi, hairudi. Lakini nikienda kliniki nesi anamzungushia futi kichwani, na kila mara kimeongezeka. Kama seli haziongezeki, humo ndani kinajaa nini? Mdogo wangu anasoma udaktari mwaka wa pili, akanijibu kwa kifupi: "Ni glia, dada. Gundi ya ubongo." Usiku huo sikulala. Kweli mwanangu anajazwa gundi kichwani?

Jibu: Marahaba, mama. Mdogo wako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya jibu, tena ile nusu iliyochakaa. Glia ni neno la Kigiriki na maana yake kweli ni gundi. Aliyelipachika ni daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, mwaka 1856. Aliona katikati ya seli za fahamu, yaani nyuroni, kuna kitu kinachozishikanisha, akahukumu kwamba kazi yake ni hiyo tu. Jina likaganda. Mimi nafundisha vijana kama huyo mdogo wako kusoma tishu kwa hadubini, na kila mwaka nawasikia wakikariri: nyuroni zinafikiri, glia zinashika. Nawaacha wakariri. Tukifika kwenye slaidi ya ubongo wa panya aliyezaliwa siku hiyo hiyo, nawaomba wanionyeshe hiyo gundi. Wanazungusha lenzi weee, wanapata kidogo sana. Halafu nawapa slaidi ya panya wa wiki tatu, na gundi imejaa kila kona. Hapo ndipo somo linapoanza.

Wewe ukikaa Tabata unajua watu wa Dar tunavyohamia nyumba. Boma limesimama, bati limepigwa, kodi ya kupanga imechosha, familia inaingia. Lipu, nyaya za umeme, dari na vigae vinafanyika watu wakiwa ndani, sufuria zikiwa jikoni. Mtoto naye anahamia duniani hivyo hivyo. Nyuroni, zile seli zinazopeleka taarifa, ndizo boma lake, na kwa sehemu kubwa zimeshasimama kabla hajatoka tumboni. Glia ndio mafundi. Wachache wanatangulia, ila kundi kubwa linakuja baada ya kuhamia, na tofauti na mafundi wetu hawachukui adivansi wakapotea.

Kwa hiyo mwalimu wako wa baiolojia alikuwa karibu na ukweli kwa upande wa nyuroni. Karibu, si kamili. Serebelamu, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, unaendelea kuzalisha nyuroni zake ndogo ndogo kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Na nyuroni ambazo haziongezeki idadi zinaongezeka ukubwa: zinatoa matawi na kuunganishwa na jirani zake kwenye vituo tunavyoviita sinapsi. Hayo nayo yanachukua nafasi. Lakini mwalimu alizungumzia aina moja ya seli kana kwamba ndiyo ubongo mzima.

Twende kwenye futi ya nesi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kama sentimita 34 au 35, na akifikisha mwaka huwa kwenye 45 au 46. Ubongo wake wakati wa kuzaliwa una uzito kati ya gramu 350 na 400 hivi. Akifikisha mwaka umepita maradufu, na wa mtu mzima ni kama gramu 1,300 hadi 1,400. Ndiyo maana utosi wake bado unadunda ukiugusa, mifupa imeacha nafasi.

Glia ni ngapi? Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kwa kila nyuroni moja kuna glia kumi. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo, na nilikosea pamoja na vitabu. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, akiwa Rio de Janeiro, aliamua kuhesabu kwa njia ambayo wapenda supu wangeielewa: aliuyeyusha ubongo mpaka ukawa mchuzi, akatikisa ukachanganyika sawasawa, akachota tone, akahesabu viini vya seli. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakatoa jibu: mtu mzima ana nyuroni bilioni 86 hivi, na seli zisizo nyuroni karibu idadi hiyo hiyo. Yaani karibu moja kwa kila moja, basi. Ila mgao si sawa kila mahali, kwenye ubongo mkubwa wa juu glia zinazidi nyuroni mara kadhaa.

Sasa zinatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponifurahisha.

Ubongo ukiwa bado mchanga tumboni, ndani kabisa, kando ya vijito vyake vya maji, kuna seli mama. Kila moja ina mguu ndani na mkono mrefu mwembamba unaofika mpaka juu, kwenye uso wa ubongo. Seli mama ikigawanyika inazaa nyuroni, na nyuroni hiyo changa inaupanda ule mkono kama mkwezi anavyopanda mnazi, mpaka ifike ghorofa yake. Mtafiti Pasko Rakic aliliona jambo hili mwaka 1972 kwenye ubongo wa nyani. Seli mama hizo zenyewe ni aina ya glia. Kwa hiyo ile inayoitwa gundi ndiyo mzazi, tena ndiyo ngazi.

Kisha unafika wakati seli mama inaacha kuzaa nyuroni na kuanza kuzaa glia. Kwa panya, ambaye mimba yake ni siku 19 au 20, nyuroni za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, zinatengenezwa kati ya siku ya 11 na ya 17. Kuanzia kama siku ya 18 zamu inageuka, siku moja au mbili tu kabla ya kuzaliwa. Kwa nini igeuke? Sababu mbili zimechunguzwa vizuri. Kwanza, jeni za kutengenezea glia zilikuwa zimefunikwa kwa vifuniko vidogo vya kikemia vilivyobandikwa kwenye DNA, na mimba ikikomaa vifuniko hivyo vinabanduliwa. Pili, nyuroni zilizokwisha kuzaliwa zenyewe zinatoa protini, mojawapo inaitwa kadiotrofini-1, inayoisukuma seli mama ibadili kazi. Ni kama matofali yamesimama yakaita: sisi tumetosha, sasa leta fundi wa lipu. Baada ya hapo seli mama nyingi zinaachia ule mkono wao mrefu na zenyewe kugeuka glia zenye umbo la nyota. Mnazi, wakwezi wakishamaliza, unageuka kichaka.

Hizo za nyota zinaitwa astrosaiti. Kwa muda mrefu tulidhani zote zinatoka kwa seli mama na kusafiri hadi mahali pake. Hesabu ilikuwa inagoma. Kwa panya idadi ya glia inapanda mara sita hadi nane katika wiki tatu za kwanza za maisha, wakati seli mama zenyewe zimeshakuwa chache. Mwaka 2012 Woo-Ping Ge na wenzake huko San Francisco walionyesha kinachotokea: astrosaiti ambazo tayari zimeshika nafasi na kuanza kazi zinagawanyika pale pale, moja inakuwa mbili, mbili nne. Wachache waliotangulia ndio wanaojaza mtaa.

Zikishatosha zinatanua matawi, maelfu kwa maelfu, membamba kuliko hadubini ya kawaida inavyoweza kuonyesha, na kila moja inabaki na eneo lake. Mipakani zinagusana kidogo tu. Hakuna kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, jambo ambalo jiji letu bado linalitafutia dawa. Astrosaiti moja ya binadamu inaweza kuwa inahudumia sinapsi hadi milioni mbili, ya panya kama laki moja. Huduma gani? Inafyonza kemikali iliyobaki baada ya nyuroni kuongea isije ikageuka sumu, inapunguza chumvi ya potasiamu inayojaa, inapitisha chakula kutoka kwenye mishipa ya damu. Na kuna kubwa kuliko hayo. Marehemu Ben Barres, mmoja wa watu waliotufungua macho kuhusu glia, na wanafunzi wake walikuza nyuroni peke yake kwenye kisahani. Zikaishi, ila zikaunda sinapsi chache tu. Walipoweka astrosaiti, sinapsi zikaongezeka kama mara saba. Hiyo ilichapishwa mwaka 2001. Gundi haifanyi hivyo, mama.

Aina ya pili ina jina refu la kumchosha mtu: oligodendrosaiti. Hizi ndizo mafundi umeme. Nyuroni ina waya mrefu unaoitwa aksoni, nao ukiwa mtupu ishara inatambaa juu yake kwa mwendo wa mita moja au mbili kwa sekunde, wakati mwingine chini ya hapo. Oligodendrosaiti inauzungushia waya huo utando wa mafuta, tabaka juu ya tabaka. Utando huo ni mielini. Seli moja inaweza kuvika vipande 40 au zaidi vya nyaya tofauti. Kati ya kipande na kipande inaachwa nafasi ndogo, yenye jina la Mfaransa Louis-Antoine Ranvier, na ishara inaruka kutoka nafasi hadi nafasi badala ya kutambaa. Daladala inayosimama kila anayepunga mkono, na mwendokasi unaosimama kituoni tu. Mishipa ya fahamu yenye mielini nene kuliko yote mwilini inafikisha mita kama 120 kwa sekunde.

Kuzaliwa kwa hizi nako kuna kisa. Mwaka 2006 maabara ya William Richardson huko London ilionyesha kwamba kwa panya, seli changa zinazokuja kuwa oligodendrosaiti zinafika gamba la ubongo kwa mawimbi matatu. Mawili yanatokea sehemu za chini za ubongo kabla ya kuzaliwa, la tatu linatokea kwenye gamba lenyewe siku za kuzaliwa. La kwanza baadaye linatoweka karibu lote. Wakiliua wimbi moja, mengine yanajaza nafasi. Kwa nini mwili uajiri kundi zima halafu ulifute? Nimekaa na swali hilo miaka na bado napenda kulirusha darasani.

Kwa binadamu mielini ina ratiba, na Mjerumani Paul Flechsig aliisoma karne ya 19 kwa kulinganisha bongo za watoto waliofariki wakiwa na umri tofauti. Inaanzia kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, kabla hata ya kuzaliwa. Kisha zinafuata njia za kuhisi, kuona na kusogeza viungo. Sehemu za mbele, za kupanga na kujizuia, zinakuja mwisho kabisa, na kazi inaendelea hadi mtu apite miaka ishirini. Mwanao wa miezi minne anaanza kukaza shingo. Baadaye atakaa, na akikaribia mwaka atasimama na kushika meza. Misuli ina mchango wake, lakini fuata ratiba ya mielini utaona inashuka mwili ule ule kutoka kichwani kuelekea miguuni.

Tunajuaje umri wa seli iliyomo ndani ya kichwa cha binadamu? Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yalimwaga angani kaboni ya mionzi, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Kiwango kilianza kushuka baada ya mkataba wa 1963 uliokataza majaribio hayo angani. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima kaboni hiyo kwenye ubongo wa watu waliofariki, wakaisoma kama tarehe iliyoandikwa kwenye risiti. Mwaka 2014 wakatuambia: kwenye lile daraja kubwa la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, oligodendrosaiti karibu zote zinazaliwa katika miaka mitano ya kwanza, na baada ya hapo inabadilishwa kama moja kati ya 300 kwa mwaka. Silaha za maangamizi zikatufundisha ubongo wa mtoto wa chekechea.

Ya tatu ni mikroglia, na hizi nitazipita haraka. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyezitenga na nyingine, mwaka 1919. Si ndugu wa zile mbili kwa damu: zinatokana na kifuko kidogo kinachokaa nje ya mwili wa kiinitete, zinaingia kwenye ubongo mapema mno na kuongezeka sana baada ya kuzaliwa. Ni walinzi, na pia ni wapogoaji. Mtoto anatengeneza sinapsi nyingi kuliko anazohitaji, na mikroglia zinameza zile zisizotumika. Kwa hiyo ukuaji wa kichwa una kuongeza na kupunguza kwa wakati mmoja.

Umeniuliza kinachojaa, lakini najua swali la mama yeyote linalojificha nyuma yake: nifanye nini? Mafundi hawa wako kazini sasa hivi, na wana mahitaji.

Kwanza madini ya chuma. Oligodendrosaiti zinayatumia kwa wingi kutengeneza mielini. Huko Chile, mwaka 1998, watafiti waliwapima watoto wa miezi sita wenye upungufu wa damu uliotokana na kukosa madini hayo. Waliwasikilizisha sauti na kupima muda wa ishara kupita kwenye shina la ubongo. Ishara zao zilichelewa kuliko za wenzao wenye damu ya kutosha. Mtoto aliyetimiza miezi tumboni huzaliwa na akiba ya chuma ya kama miezi minne hadi sita, kwa hiyo wako akiba yake inakaribia kwisha. Endelea kunyonyesha. Akifikisha miezi sita na kuanza kula, uji mtupu hautoshi. Maini yaliyosagwa, dagaa, maharage, mchicha pamoja na chungwa au embe. Na chai ya rangi, ambayo naona watoto wa jiji hili wananyweshwa kwenye vikombe vya plastiki kabla hawajaota meno, inazuia chuma kufyonzwa. Iache.

Lakini usikimbilie duka la dawa kununua matone ya chuma. Hapa hapa kwetu, kisiwani Pemba, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wote chuma na foliki asidi mahali penye malaria nyingi kuliongeza kulazwa na vifo. Apimwe damu, kliniki waamue, na chandarua kisikosekane, maana malaria nayo inakula damu.

La pili ni chumvi yenye madini joto, kwa ajili yako unayenyonyesha. Homoni ya tezi ya shingo, inayotengenezwa kwa madini hayo, ndiyo inayoziambia seli changa zikomae ziwe oligodendrosaiti kamili. Bila hiyo mielini inachelewa.

Kwa wanaosoma hapa wenye watoto njiti: kati ya wiki ya 23 na ya 32 ya mimba ubongo una kundi kubwa la seli changa za aina hii, na ni dhaifu sana hewa au damu ikipungua. Ndiyo sababu kubwa mojawapo ya mtindio wa ubongo kwa njiti. Mahudhurio yao ya kliniki yasirukwe hata kama mtoto amenenepa.

Na mtoto aongeleshwe. Boston, mwaka 2012, watafiti walichukua panya walioachishwa kunyonya wakamweka kila mmoja peke yake kwa wiki mbili. Mielini ya sehemu ya mbele ya ubongo ikawa nyembamba, na kuwarudisha kwa wenzao baadaye hakukuirudisha. Panya si mtu, lakini mimi nisingemwacha mtoto na simu ya katuni kutwa nzima. Kama mama mkwe anamkanda kichwa kwa mafuta kila jioni ili kikae vizuri, mikono ile haiongezi seli wala haibadilishi ubongo. Asiubonyeze utosi, basi. Maneno anayomwimbia wakati wa kumkanda mimi nayaona na thamani kuliko mafuta.

Jioni moja, mtoto akiwa ametulia, jaribu hivi. Mpitishe ukucha taratibu kwenye unyayo, upande wa nje, kutoka kisigino kuelekea vidoleni. Mara nyingi utaona kidole gumba kinanyanyuka juu na vingine vinatanuka. Kidole cha mtu mzima kikifanya hivyo, madaktari tunashtuka. Kwa mwanao maana yake ni kwamba njia ndefu ya amri, kutoka juu ya ubongo hadi chini ya uti wa mgongo, bado haijavikwa mielini yote. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili mafundi wanafika mwisho wa njia hiyo, na kidole kinaanza kuinama chini badala ya kunyanyuka. Akivuka miaka miwili na bado kinanyanyuka, mlete aangaliwe.